Shamba la Migomba Kule Mpakani

Mchafukoge, Jumapili, Machi 1980

Tumerudi salama. Leo sokoni Kariakoo nilijikuta naangalia chini kila ninapokanyaga, kama mwehu.

Mume wangu alitaka kuona kwao, kule mpakani Kagera ambako vita vilipita. Tulikuta kuta tupu, mabati yameng'olewa, shamba la migomba limegeuka pori. Akaingia humo kutafuta kaburi la baba yake. Mimi nilibaki njiani, nimemshika mkono binti yetu, Koku.

Mara mzee jirani akapiga kelele: "Simama hapo hapo! Humo hawajatoa mabomu!"

Mume wangu akaganda. Mzee akamwelekeza ageuke taratibu, arudi akikanyaga palepale alipopita. Sikuthubutu hata kulia, nisije nikamshtua. Alipofika njiani shati lilikuwa limelowa, na hakunitazama.

Nilidhani yameisha. Jioni hii tukiwa tunakula akasema, "Mama Koku, mvua zikikatika tunahamia kule. Siwezi kuliacha kaburi la baba porini."

"Mwanangu simpeleki kule," nikamjibu.

Hakufoka. Alinawa mikono, akasema kwa upole, "Basi nitatangulia peke yangu."

Sasa amelala fofofo. Kwenda naye naogopa. Kubaki hapa nikingoja habari zake naogopa zaidi.

Asubuhi nitamwambia tutakwenda wote wawili, na Koku atabaki kwa bibi yake Temeke. Sijui nitaanzaje kumwambia mtoto.