Ndoo ya Nyuzi

Mdogo wangu mpenzi,

Kabla ya yote nakusalimu wewe na shemeji, nikitumaini mko wazima na goti lako limeacha kukuaibisha kwenye ngazi. Mimi mzima, kwa maana kwamba nakula, nalala, na asubuhi najikuta nipo. Zaidi ya hapo usiniulize. Mwandiko usiucheke. Mimi niliishia darasa la nne, wewe la saba, na bado ulimtongoza shemeji kwa barua niliyokuandikia mimi.

Bado nipo chumba cha kufulia, kwenye hoteli ya kando ya ziwa, mashine sita, na bado wananiita Povu. Habari yenyewe ni ya binti yako. Unajua kazi yake ya maabara ndiyo iliyomleta huku. Alinieleza kwamba zile blanketi laini wanazozipenda wageni ni plastiki tupu iliyosokotwa. Kila nikizifua zinatoa vinyuzi vidogo mno, vinapita bombani mpaka ziwani, samaki wanakula, na sisi tunakunywa. Nikamwambia basi mimi nimeshameza blanketi nzima, ndiyo maana sisikii baridi. Alicheka mpaka akakaa chini.

Akafunga mfuko wa kuchujia kwenye bomba la kila mashine. Akaniagiza nifue kwa maji baridi, nisiwashe mashine mpaka ijae, na kila jioni nikwangue nyuzi mfukoni kwa vidole, nizitie kwenye ndoo yenye kifuniko. Jumamosi anaipima ndoo kwa mizani, kisha anachota maji pale bomba letu linapomwagikia ziwani, na kuhesabu vinyuzi kwa hadubini. Akiniita Baba Mkubwa mbele ya wapishi, hata meneja anapunguza sauti.

Miezi saba ndoo imejaa vizuri. Ziwani hesabu haikushuka hata kidogo.

Jumatatu wakubwa zake wakaja, watatu, wakakaa kwenye meza yetu ya kupigia pasi. Mwenye miwani alisema, kwa upole wa mganga wa meno, kwamba ndoo na ziwa haviwezi vyote viwili kusema kweli, na anayeandika namba ni mtu mmoja. Binti yako alijibu kwamba ameandika alichokiona. Wamempa mpaka Ijumaa ajieleze. Akishindwa, kazi inafungwa, na jina lake linabaki na doa ambalo hata mimi, dobi wa miaka arobaini, siwezi kulitoa.

Nilikuwa nimesimama pale pale na pasi mkononi. Nikangoja moyo unidunde. Haukudunda. Nikakunja mashuka manne.

Sasa nikwambie. Nyuzi zikilowa zinang'ang'ania mfuko kama mgeni asiyetaka kuaga. Kuzikwangua ni saa nzima. Wiki ya tatu nikaugeuza mfuko chini ya bomba la sinki, dakika mbili, safi. Maji ya sinki hayachujwi popote, yanakwenda ziwani moja kwa moja. Nilijua, alinionyesha siku ya kwanza. Ndoo nikawa naijaza manyoya yanayonasa kwenye mashine ya kukaushia nguo, ambayo hayana njia ya kufika ziwani. Kila Jumamosi alikuwa anaipima na kuniambia, "Baba Mkubwa, bila wewe nisingeweza." Nami nikamwitikia kwamba najua.

Nimejaribu kuona aibu. Naiona kwa mbali, kama mtu wa ng'ambo anayenipungia mkono nisiyemtambua. Labda ni uzee. Labda ni mimi tu.

Kesho Alhamisi anakuja kuifungua mifuko. Nitamwambia mwenyewe, na Ijumaa nitarudia mbele ya yule mwenye miwani, ndoo ilijazwa nini na nani. Kazi watanifukuza, wasipofanya hivyo nitawashangaa. Barua hii nampa dereva wa mboga, utaipata kesho mchana, na jioni bila shaka binti yako atakupigia simu. Nakuomba usinitetee. Usimwambie nimezeeka, wala kwamba nilimbeba mgongoni. Mwache anitukane mpaka achoke, nami nione kama nitasikia chochote.

Nisalimie wote wa hapo nyumbani wanaonikumbuka. Wasionikumbuka, waache wapumzike.

Ni mimi kaka yako,
Povu