Alama Kwenye Udongo Mwekundu

Chang'ombe, Dodoma.

Kaka Abubakari, shikamoo. Mama hajambo? Magoti yake yamepata nafuu? Na mahindi ya Busi mmeshavuna, au ngedere wamewatangulia? Mimi mwili mzima, moyo ndio haujatulia.

Yule Mzee Naushad, mwandishi wa gazeti ninayekusimulia habari zake siku zote, ameniandama. Sikatai, bila yeye tenisi yetu ya ridhaa mkoani ingeshakufa. Miaka kumi na tano anaandika matokeo yetu, anatuombea mipira kwa ndugu zake wenye maduka, na ndiye aliyeandika “Mwamvua Bingwa wa Mkoa”, kile kipande ulichobandika sebuleni.

Lakini tangu fainali hiyo iliyonipa ubingwa, mh! Kila jioni yuko nyuma ya uzio, hatazami mchezo, anatazama viatu vyangu. Siku moja akaniuliza eti mpira ule wa mwisho uliangukia wapi. Nikamjibu nje, na kila mtu alinisikia. Sisi hatuna mwamuzi, kila mchezaji husema kama mpira wa upande wake ni ndani au nje, na mwenzake hukubali. Juzi nikamkuta ananong'ona na Violeth, niliyemfunga fainali. Waliponiona, wakaachana. Nikajua tu wananipikia jambo.

Nikawaka! Nikaandikia kamati ya tenisi kwamba mzee kahongwa, aondolewe uwanjani. Watu tisa wakatia saini. Jumamosi wanakaa kumfukuza.

Jana nikamvaa Violeth, nikamwambia aache unafiki, aseme walinong'ona nini. Akasema mzee alimwuliza kama ana malalamiko, naye akamjibu kwamba Mwamvua akisema nje ni nje, asimwulize tena.

Kaka, sasa nikwambie ukweli.

Mpira ule ulikuwa ndani. Uliacha alama kwenye ule udongo mwekundu wa uwanja, juu ya mstari kabisa, nami nikaifuta kwa kiatu nikijifanya naukimbilia. Mzee aliniona. Hakuandika neno juu ya alama ile, alikuwa akingoja niseme mwenyewe. Nami nikataka kumfukuzisha! Naona aibu hata kuandika.

Jumamosi nitasema mbele ya kamati yote, na nimeshamwomba mzee aje na kalamu yake. Kwa hiyo kibandue kile kipande kabla gazeti la Jumatatu halijafika huko. Mama usimwambie, nitakuja kumwambia mwenyewe.

Nisalimie wifi Mwanaidi na watoto, na uniombee dua.

Mdogo wako, asiye bingwa,
Mwamvua