Majibu ya Kaka Yetu

Dada yangu mpendwa,

Naomba barua hii ikukute umeketi, na kikohozi cha shemeji kiwe kimepungua. Watoto nawasalimu mmoja mmoja, hasa binti yetu, ambaye naambiwa amenipita kimo. Mimi mwili ni mzima. Ya moyoni nitakueleza, ila soma mpaka mwisho kabla hujamwita mtu yeyote.

Uliniuliza kazi yangu mpya ni ya nini hasa. Nazunguka nyumba kwa nyumba na dodoso lenye maswali tisini. Maswali hayohayo yanaulizwa katika nchi nyingine kadhaa, kila moja kwa lugha yake, ili ijulikane ni watu wangapi wana matatizo ya haiba: yaani wale ambao tabia yao yenyewe, tangu ujana, imejipinda kiasi cha kuwatesa wao au walio karibu nao. Daktari anayetusimamia, mama mmoja mkavu wa maneno lakini mwenye subira, alituambia kwamba kila walikohesabu, watu hao hawakukosekana. Alituonya pia tusimwone kila mmoja wao kuwa ni mnyama, maana wengi wanaumia kimyakimya na hawamdhuru mtu.

Mwanzoni niliifurahia. Nyumba nyingi walicheka, wakaniambia nimekosea mlango, ninayemtafuta ni jirani. Mshonaji mmoja alilisikiliza swali la mtu asiyejua kujuta, akasimamisha cherehani, akasema mtu wa namna hiyo kwao huitwa mgumu tu, na hupewa kazi ya kuwasimamia wengine.

Hesabu zetu zilitoka ndogo kuliko za wenzetu wote. Wakubwa ofisini walifurahi, wakasema labda sisi tumelelewa vizuri zaidi. Daktari hakufurahi. Alisema ama watu hao hapa kwetu ni wachache kweli, ama kila nyumba inamficha wake. Akaanza kuyapitia madodoso moja moja, akituuliza kila jibu tulilipataje. Na mojawapo ya majibu hayo, dada, mimi nililiandika la uongo.

Nyumba huchaguliwa kwa kura, na kura ilikuwa imeiangukia nyumba ya kaka yetu. Utaratibu ulinitaka nimwachie mwenzangu. Nilinyamaza, nikidhani itakuwa mzaha wa ndugu wawili.

Nilimkuta kwenye karakana yake ya vitasa, funguo zimejaa ukutani, anachonga moja kwa tupa. Alijibu maswali bila kuinua kichwa, kwa adabu ileile inayowafanya watu mtaani wamwite Mpole. Kuna swali linalouliza kama umewahi kumuumiza mtu kwa makusudi. Akapuliza vumbi la chuma kwenye ufunguo, akasema ndiyo, na akakutaja wewe.

Dada, ule mguu unaouburuta tangu una miaka tisa haukuvunjwa na ngazi mbovu. Aliilegeza mwenyewe misumari ya kipago cha juu, pale kwenye tangi la maji, kisha akakaa kivulini akikusubiri uipande. Nilimuuliza alijisikiaje, kwa kuwa ndivyo dodoso linavyotaka. Alifikiri kidogo, kama mtu anayetaka kusema ukweli.

“Nilitaka kuona atalia muda gani,” akasema. “Akanyamaza mapema.”

Halafu akaniambia niandike ninavyoona.

Niliandika hapana. Nilijiambia alikuwa mtoto, na kwamba ndiye aliyenisomesha. Nilijiambia pia kuwa wewe umeshauzoea mguu. Hili la mwisho ndilo linaloniumiza kuliko yote. Na wiki mbili baadaye, uliponiuliza kama binti yetu aje akae kwa kaka asome huku, ni mimi niliyekujibu kwamba hatapata mahali salama zaidi.

Jana alinionyesha chumba alichomwandalia. Ni chumba kizuri: rangi mpya, kitanda, meza ya kusomea, taa. Nikausukuma mlango nione kama unafunga vizuri. Upande wa ndani hauna mkono wala tundu la ufunguo, ni ubao mtupu. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu kwa upole kwamba watoto wa siku hizi hawatulii, naye anataka kuona.

Ijumaa anakuja kwako mwenyewe kumchukua. Usimpe. Sema mtoto anaumwa, sema shemeji amekataa, ila usimwambie nimekuandikia. Kesho asubuhi nakwenda kwa daktari kumweleza nilichofanya. Kazi najua imekwisha, na sina uso wa kuidai.

Atakuletea barua nyingine yenye mwandiko wangu, inayosema umfungashie mtoto haraka maana shule zinafunguliwa. Hiyo pia nimeiandika mimi, leo mchana, yeye akiwa amesimama nyuma ya kiti changu, akinisahihishia maneno. Usiifuate. Ninayosema kwa moyo wangu ni haya unayoyasoma sasa.

Msalimie shemeji, na mkumbatie binti yetu bila kumwambia kwa nini. Kama utaweza kunisamehe, nitangoja. Kama hutaweza, basi milango yako tu uifunge vizuri Ijumaa, na umkumbuke aliyetengeneza vitasa vya milango hiyo.

Ni mimi, mdogo wako wa mwisho