Chafya Tunayoingoja

Jumatano, 8 Desemba 2021

Ukungu haujatoka tangu asubuhi. Unashuka kutoka msitu wa Mau, unapita Kimulot polepole kama mgeni anayejua atapikiwa chai, halafu unalala juu ya shamba. Nimechuna majani leo bila kuona miguu yangu. Mikono tu ndiyo niliona. Nikajiuliza, mikono ya nani hii? Nikacheka peke yangu.

Mimi nimechanjwa mara mbili. Kadi iko ndani ya Biblia, nimeifunga na nailoni. Wale wanawake wa kituo cha kupimia majani walinicheka, ati nitaota ndevu. Mpaka leo hakuna ndevu! Mume wangu, mzee Kiplimo, ndiye hakuchanjwa. Alisema angoje amalize kuchuna, majani yakikomaa kiwanda kinakataa. Mwezi wa nne akakosa pumzi. Siku tatu tu. Tukamzika watu kumi na tano, haraka haraka, kama tunaficha kitu.

Sasa Fancy, mke wa kijana wangu Kipngeno, tumbo limeshuka. Nimemwambia wazi, majina nitaita mimi. Sisi mtoto akizaliwa tunamwitia majina ya wale walioenda, moja moja, mpaka apige chafya. Jina likipigiwa chafya, basi, huyo ndiye amerudi. Wamama wa zamani walimpulizia tumbaku kidogo puani. Mimi siweki tumbaku. Nataka Kiplimo aje mwenyewe, kwa miguu yake.

Kipngeno anasema hayo mambo ni ya kale. Nikamwambia, wewe mwenyewe ulimpigia babu yako chafya, kamasi ikanirukia hapa kwa shavu. 


Jumamosi, 11 Desemba

Nimeota mzee. Amesimama kwa geti na gambuti zake, kikapu cha majani mgongoni, kikapu kinatoa mvuke mweupe. Amevaa maski! Nikamwambia toa hiyo kitu, huko mliko kuna korona gani? Hakutoa. Macho yalikuwa yanacheka. Nikaamka shingo ikiwa na jasho na mdomo ukiwa na utamu, kama nimelamba asali.

Halafu habari mbaya. Dorcus jirani yangu ni mgonjwa. Dorcus wa kutoka upande wa ziwa, mume wake alifanya kazi kiwandani miaka mingi, wakajenga hapa. Tulichanjwa naye siku moja, benchi moja. Nikaenda na mursik, maziwa yetu ya kuganda ya kibuyu. Akanifukuza kutoka dirishani!

— Mama Kipngeno, simama hapo hapo! Nimepimwa, niko nayo.

Nikamwambia haiwezekani, wewe umechanjwa. Akasema hata yeye ameuliza hivyo. Halafu akakohoa, akacheka, akasema mimi nisiogope, hata korona itaogopa huu mdomo wangu. Mjinga huyu. Nimeacha mursik kwa jiwe nikarudi na hasira.

Sasa hiyo sindano ni ya nini? Nilipita dispensari nikamuuliza nesi Ongeri. Nilimuuliza kwa nguvu, watu wakageuka. Huyu kijana ana subira. Ati sindano haifungi mlango. Mwizi anaweza kuingia, lakini anaingia bila panga. Nikamwambia, mimi nilifikiri mmetuwekea mlango. Akasema pole, mama.


Jumanne, 14 Desemba

Janeffer amepiga simu, binti wa kwanza wa Kipngeno. Yuko kidato cha pili, shule ya kulala. Alitumia simu ya matroni, akaongea kama mtu amejificha ndani ya gunia. Ati bweni zima linakohoa. Vitanda vimekaribiana, unageuka unapumulia mwenzako. Wameambiwa wakiulizwa waseme ni homa ya baridi.

— Na wewe? Unakohoa?

— Hapana, Kogo. Kidogo tu.

Kidogo tu! Anadanganya nyanya yake. Nilimpigia mwalimu mkuu mwenyewe. Nikamuuliza, umewapima watoto au unawahesabu kwa daftari tu? Akasema mama, hali iko sawa, walimu wote wamechanjwa. Nikamwambia hata Dorcus amechanjwa na amelala kitandani. Akaniuliza Dorcus ni nani. Nikakata.

Kipngeno alinigombeza. Ati nitafanya mtoto aonwe vibaya shuleni, wanafunga wiki ijayo, nivumilie. Mimi nivumilie! Nilivumilia mwezi wa nne.


Alhamisi, 16 Desemba

Mvua ndogo. Majani chai yameng'aa kama yamepakwa mafuta. Nilikaa kwa mlango nikiyataja majina ili nisisahau. Arap Tonui. Sigilai. Kimalel aliyepigwa na radi. Wengine waliojua hii orodha wamelala udongoni, nimebaki mimi. Nikitaja jina, ukungu unasogea kidogo, kama mtu ameitwa. Labda ni macho yangu.

Dorcus ametoka nje leo, amejifunga blanketi. Siku tano tu, na yuko na miaka sitini na nane! Amenipungia mkono. Kwa hivyo mwizi hakuwa na panga.


Jumanne, 21 Desemba

Kijana! Kijana, alfajiri, hospitalini! Fancy yuko salama.

Hawakuniruhusu kuingia. Ati mgonjwa mmoja, mgeni mmoja, na huyo mgeni ni Kipngeno. Nikawaonyesha kadi ya chanjo. Askari wa mlangoni akaiangalia juu chini, akasema ni kadi nzuri, akanirudishia. Nimeona blanketi tu kwa dirisha. Blanketi ya rangi ya maziwa, na ndani kitu kidogo chekundu kinapiga miayo. Mzee wangu alikuwa mtu wa kupiga miayo. Kanisani hasa.

Nimerudi nikitembea kama sikanyagi chini.


Alhamisi, 23 Desemba

Siku ndefu. Mkono unauma lakini wacha niandike.

Fancy na mtoto waliletwa saa nne. Nilikuwa nimepika uji wa wimbi. Nilikuwa naosha mikono mara ya pili, kwa sabuni, mpaka kwa kiwiko, ndio nimshike — Janeffer huyo kwa geti na sanduku lake! Shule imefungwa. Aliacha sanduku kwa matope akakimbia moja kwa moja. Akamchukua mtoto kutoka kwa mama yake, akamnusa kichwa. Watoto wa kike wanapenda kunusa kichwa cha mtoto.

Niliona macho yake. Mekundu, yana maji, na midomo imekauka. Nikapiga kelele, muache! Muache huyo mtoto! Akaruka, akamrudishia mama yake. Fancy naye akaanza kulia, ati nimemfukuza binti yake. Halafu Janeffer akakohoa. Kile kikohozi ninakijua, ni kikavu, kinatoka chini. Nilikaa nacho siku tatu mwezi wa nne. Fancy akaacha kulia. Akamfunga mtoto vizuri, akaingia ndani, akafunga mlango mwenyewe.

Janeffer amesimama uwanjani na sare ya shule. Hakuna aliyejua aende wapi.

Dorcus akaniitia kwa ua:

— Mama Kipngeno, anayemshika huyo hatamshika yule mwingine. Chagua!

Nikamwambia nimechanjwa. Akasema hata yeye.

Nimesimama pale. Upande huu nyumba ya Fancy, ndani yuko mtu ninayemngoja tangu mwezi wa nne. Upande huu msichana mrefu mwenye homa, anatazama viatu vyake. Ana miguu ya mzee, huyu Janeffer. Vidole vya nje vimepinda.

Nikamshika mkono nikamwingiza kwangu.

Sasa amelala. Anaongea ndotoni hesabu za shule.


Ijumaa, 24 Desemba

Nesi Ongeri amekuja na pikipiki, akatutia kijiti puani sisi wawili. Janeffer anayo. Mimi sina. Nikamwambia unaona! Akasema leo huna, mama, ngoja siku mbili. Hawa vijana hawajui kufurahi. Fancy na mtoto hawakupimwa, ati hawana dalili, lakini wakianza kitu chochote tusingoje, mtoto ni mdogo sana.

Ubishi wa majina. Kipngeno anaongea na mimi akiwa katikati ya uwanja, kama anahutubia mkutano. Anataka tumpe jina la kanisani tu na maneno yaishe. Nikamwambia mtoto bila jina la wazee ni kama mlango bila nyumba. Akasema basi niandike kwa karatasi, mama ya Fancy aje asome. Mama ya Fancy! Mwanamke wa Boito, hamjui hata mmoja wao. Sigilai atageuka kwa sauti ya mtu asiyemjua?

Janeffer ndiye aliyesema. Amelala, macho yamefungwa, nilifikiri hasikii.

— Kogo, si uite ukiwa nje. Sauti yako inafika Mogogosiek.

Nikamwambia alale. Lakini ana akili.


Jumamosi, 25 Desemba

Krismasi. Wengine wako kanisani. Wimbo ulifika hapa umekatwa katwa na upepo.

Tulifanya hivi. Fancy alikaa kwa kibaraza cha nyumba yake, mtoto mapajani, uso ukiwa wazi. Mimi nikasimama kwa mlango wangu na maski. Katikati hatua ishirini, nilizipima. Dorcus alikuwa kwa ua, Kipngeno amesimama kando na mikono mfukoni, ati hayuko.

Nikaita Arap Tonui. Nikangoja. Mtoto analala. Nikaita Sigilai. Kuku alijibu. Dorcus akasema wekeni pilipili, nikamwambia nyamaza wewe. Nikaita Kimalel. Mtoto akakunja uso... akakunja... Wote tukashika pumzi, hata Kipngeno akatoa mikono mfukoni! Akakunjua. Ni tumbo tu.

Niliita kumi na moja. Kiplimo nilimweka wa mwisho. Niliogopa. Akikataa nitaenda wapi?

Nikafungua mdomo niite. Hakuna sauti. Nimejaribu tena, imetoka kama mlango wa zizi. Nilifikiri ni kilio. Sio kilio. Koo linawaka.

Dorcus ndiye aliyeniambia niingie nyumbani. Alisema pole pole, bila utani.


Jumapili, 26 Desemba

Ninayo. Nesi Ongeri hakusema "nilikwambia". Ningempiga.

Mwili ni kama si wangu. Kichwa kinapanda juu kwa dari kinaniangalia. Lakini napumua. Nimejaribu kupumua mpaka chini kabisa, hewa inaingia, inatoka. Mzee hakuweza hivi siku ya pili. Janeffer homa imeshuka, sasa yeye ndiye ananipikia uji, na una madonge. Nikamwambia ni mbaya sana. Akacheka, akaenda nje akalia. Ati ameniletea ugonjwa. Nikamwambia hujaleta wewe, imeletwa na wale waliowapanga kama magunia wakawaambia mseme ni baridi. Wewe ulifanya kosa moja tu, la kunusa kichwa.

Hapo akalia zaidi. Sijui kufariji watu. Sijawahi kujua.

Fancy anatuma salamu kila saa kupitia Kipngeno. Mtoto ananyonya. Mtoto hana kitu.


Jumatatu, 27 Desemba

Sauti imerudi nusu. Koo ni kama nimemeza mchanga, lakini nusu inatosha, jina ni moja tu limebaki. Nimemwambia Janeffer ampigie mama yake kelele, atoke na mtoto.

Ukungu leo ni mzito. Uwanja wote ni mweupe, nyumba ya Fancy inaonekana kama imechorwa halafu ikafutwa. Nimekaa kwa kizingiti na hii kitabu mapajani kwa sababu siwezi kusimama. Dorcus yuko kwa ua. Kipngeno amekuja pia, hata kofia ametoa.

Nimeita. Kiplimo.

Pole pole, jinsi nilivyokuwa nikimwita akiwa shambani na chakula kiko tayari.

 Tone moja la maji lilianguka kutoka kwa bati.

Halafu — chafya! Ndogo, safi, kama kijiti kimevunjika. Wote tumesikia! Dorcus akapiga kigelegele, Kipngeno akasema baba, neno moja tu, mtu mzima na ndevu. Janeffer amenishika bega nyuma. Fancy anacheka, ninaona meno yake kwa huo weupe.

Halafu chafya ya pili. Nikasema ni ya kusisitiza, mzee alikuwa hivyo.

Ya tatu.

Dorcus ameacha kigelegele katikati.

Fancy hacheki tena. Ameweka mgongo wa mkono kwa paji la uso la mtoto. Bado ameuweka. Nimemuuliza, Fancy, yuko aje? Nusu ya sauti haifiki. Nimemwambia Janeffer aulize, ameuliza.  Fancy anageuza mkono, anaweka upande mwingine, anamtazama Kipngeno.

Kipngeno anakimbia kuelekea pikipiki yake. Naandika kwa sababu nimekatazwa kuvuka uwanja, na mikono lazima ifanye kitu. Fancy anamfunga mtoto ndani ya leso. Sasa anaongea, ananiuliza mimi, kwa sauti kubwa, hospitalini wakitaka jina waandike nani? Nimesimama. Sijui nimesimama aje. Nimemwambia Janeffer amwambie mama yake waandike Kiplimo.