Njia ya Ng'ombe Kwenda Lamboni

Jumatatu, 7 Julai 2025
Nimefika nyumbani, Mgori. Mama hajambo, magoti tu. Nina wiki moja ya kuandika mhadhara wa uprofesa wangu – miaka ishirini na mbili nafundisha siasa za kimataifa, hatimaye! Mada: mapatano ya mipaka. Kaka Elisha, mwenyekiti wa kijiji, hata chai hakumaliza. Ng'ombe wa mzee Mughwai wamekanyaga vitunguu kando ya lambo la kunyweshea mifugo, watu wamepigana fimbo, mmoja kalazwa. Akaniambia: wewe si msuluhishi wa mataifa? Njoo utusuluhishe.

Jumanne, 8 Julai
Kikao. Nimeongea dakika arobaini. Mikataba, nchi jirani, maji ya pamoja. Wakasikiliza kwa adabu – adabu mno. Mzee Mughwai akanyoosha mkono: "Daktari, hao waliosaini, ng'ombe wao walipita wapi kwenda kunywa?"
Watu wakacheka. Nami nikacheka, masikio yanawaka.

Jumatano, 9 Julai
Mhadhara: hata sentensi moja.

Alhamisi, 10 Julai
Asubuhi nimemfuata mzee Mughwai lamboni. Shikamoo. Marahaba, leo umekuja kusikiliza? Akanionyesha. Njia ya ng'ombe ilipita hapa, pana, tangu enzi za babu yake. Sasa ni matuta ya vitunguu. Vitunguu vyetu! Shamba la marehemu baba, analima Elisha.
Nikamuuliza mama. Alikuwa anapepeta uwele, hakuinua kichwa. Akasema baba aliilima ile njia mwaka niliofaulu kwenda sekondari.
"Ulidhani ulisomeshwa na nini?"
Nimeandika vitabu viwili vya mipaka. Huu sikuuona.

Ijumaa, 11 Julai
Nimemwambia Elisha: kesho kikaoni nitasema njia ifunguliwe, shambani kwetu. Hakufoka. Kasema watoto wake nao wanasoma. Halafu, taratibu: chuoni hawakuhitaji?

Jumamosi, 12 Julai
Ofisi ya kijiji, saa nne. Naandika magotini. Wakulima benchi za kushoto, wafugaji kulia. Nilikwenda kukaa na wifi Magreth, mke wa Elisha. Akatandaza kanga kwenye nafasi iliyobaki – ina mtu. Mzee Mughwai akasogea, akanipisha. Nimekaa kulia. Minong'ono.
Elisha anafungua kikao. Hanitazami. Wa kwanza kusema ni mimi.
"Tumsikilize mgeni wetu," anasema.
Mgeni. Hakusema mdogo wangu –