Nilitia Oili Isiyofaa Kwenye Transfa, Sasa Mke Wangu Anajilaumu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana siri hii nimeikalia wiki tatu na sasa yenyewe ndiyo imenikalia. Mimi ni fundi cherehani, mke wangu ni fundi magari, na si kwa kujisifu ila mtaani kwetu watu wazima wanapanga foleni ili asikilize injini zao, nami namwita Injinia, yeye ananiita Sindano, tunaishi vizuri. Gari letu linavuta kwa magurudumu yote manne, na miezi miwili iliyopita aliifungua mwenyewe transfa, lile sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma, akabadilisha sili za kuzuia oili isivuje na sahani za klachi, gari likawa linapanda kilima kama mbuzi. Kisha dada yake akajifungua, akaenda kumsaidia siku tano, na wakati wa kuniaga akasema, "Transfa imepungua oili kidogo, usilitembeze gari, nitaongeza nikirudi." Mimi kwa mapenzi nikataka akute kazi imekwisha, nikajiingiza chini ya gari, nikafungua kizibo, nikamimina oili nzito niliyoikuta kwenye mkebe stoo, nikijiambia mafuta ni mafuta. Aliporudi nikamwambia gari liko tayari, yeye akadhani nimeliosha tu, akachungulia transfa, akaona oili imejaa, akadhani alipima vibaya mwanzo, akaondoka nalo kwa wateja, na baada ya siku chache likaanza kutetemeka kila likikata kona. Akaifungua transfa, akakuta sahani zimeungua na oili imekuwa nyeusi tii, huwezi kujua ilikuwa ya aina gani, akakaa juu ya tairi la akiba akasema, "Hizi nilizifunga mimi." Nilitaka kusema, mshauri, nikaenda kumletea chai. Kesho yake mkunga wa mtaa wetu akaleta gari lake lenye ugonjwa huohuo, mke wangu akamrudisha: "Lipeleke kwa mwingine, dada. Mikono yangu siiamini tena." Jumamosi anauza sanduku lake la spana, na nikikaa kimya ndiye anayeniuliza kama naumwa. Nikisema ukweli, si atanidharau?

Sindano

JIBU

Sindano, barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili sikucheka. Kwa kuwa Jumamosi haisubiri gazeti, maneno haya nilikupa kwa simu, na umeniruhusu kuyachapa.

Kosa la oili ni la mapenzi, hilo nakusamehe hata mimi. Lakini je, mkeo akitia oili ya gari kwenye cherehani yako na kukuacha ujione hujui kushona, utamwita nani? Kila transfa ina oili yake, na kitabu cha gari kinaitaja. Wiki tatu hizi ni kosa jingine, na hilo si la mapenzi. Unaogopa kudharauliwa, kwa hiyo umemwacha ajidharau yeye.

Leo hii chukua ule mkebe, uuweke mbele yake, useme: "Hii niliitia mimi." Usianze na "nilitaka kukusaidia." Hilo liache mwisho, au usiliseme kabisa. Akikasirika, kaa hapohapo. Kisha nenda kwa mkunga kwa miguu yako, umweleze kwa nini alirudishwa.

Ujumbe wako wa Jumapili nimeupata. Unasema aliunusa mkebe, akauliza, "Wiki tatu, Sindano?" akaingia chumbani akafunga mlango, ukala peke yako, kisha ukaenda kwa mkunga kumweleza. Asubuhi ukamkuta mkeo chini ya gari la mkunga, spana zote zimepangwa juu ya gunia. Na ulipouliza habari za gari lenu, alikujibu bila kutoa kichwa: "Hilo litasubiri zamu yake."

Basi nawe subiri. Usimharakishe, wala usimnunulie zawadi. Akikuita umshikie tochi, nenda, ishike vizuri, na usiguse kizibo chochote.