Shuka za Satini na Antena ya Kiema

Noonkopir, Kitengela,
Jumapili, 16 Machi 2025.

Mpendwa Shangazi Kalunde,

Sasa zile shuka za satini ulizotupa arusini, nimalizie pale simu ilipokatika: hapana, tulikuwa hatujazilalia. Usicheke kwanza!

Lakini salamu mbele. Hujambo? Goti linaendeleaje, na yule mbuzi aliyezaa mapacha? Sisi tu wazima, na ndoa imeninenepesha.

Mume wangu Kiema, kama unavyojua, anaunda antena ya satelaiti ndogo, ukubwa wa pakiti ya unga, itakayopiga picha za malisho kutoka angani. Antena ina tepe nne za chuma, nayo hukunjwa kama futi ya fundi, ikafungwa kwa uzi wa nailoni. Huko juu waya wa umeme unaogusa uzi huo utapata moto, uzi ukatike, nayo ifunguke yenyewe. Isipofunguka, satelaiti itaona kila kitu na isiweze kutuambia neno.

Jaribio la kwanza tepe tatu zilifunguka, wa nne ukakwama. Vumbi! Malori ya mawe yakipita hapa, hata chai tunainywa na vumbi. Na Kiema alikuwa ameiunganishia nyumbani, dirisha wazi, eti akiniona karibu mikono yake inatulia. Mkubwa wake, Rachel, akampa nafasi moja tu. Ikikwama tena, itapanda angani antena ya timu nyingine.

Basi nikatoa shuka zako. Satini haimwagi nyuzi kama pamba. Tukazishona hema juu ya meza, yeye ndani akisafisha bawaba kwa brashi, mimi nje nikinyunyiza maji sakafuni. Jirani yetu Nalotuesha akachungulia mlangoni.

"Bibi arusi, kitanda kimehamia mezani?"

"Kimehamia, na bwana arusi yuko ndani!"

Tulilalia blanketi la kuwasha, Shangazi, na sijawahi kulala vizuri hivyo.

Ijumaa tukaipeleka, tumeifunga ndani ya shuka zako, kwenye chumba cha majaribio, Kajiado mjini. Waya ukapata moto. Kiema akanishika mkono mbele za watu wote. Mara, tap! Utepe mmoja, wa pili, wa tatu, hata ule wa nne uliokwama, umenyooka kama mkuki!

Rachel akasema, "Kiema, itapanda yako. Sasa mrudishie bibi shuka zake."

Mume wangu alilia, nami nikajiona nimeolewa upya. Jana nimezifua, nikazitandika.

Nisalimie Mzee Musila na dada Ndanu. Mungu aliyekupa mkono wa kutoa asiuache mtupu. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja Mwingi, sote wawili, na hayo maswali yako ya shuka utamuuliza Kiema mwenyewe.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda bila kipimo,
Nzisa wa Kiema